Kuongeza herufi x hakugeuzi faili

"Fundi, nimeshayabadilisha yote kuwa docx, ila mengine hayafunguki."

Sentensi hii naisikia kwa wahasibu, kwa makatibu muhtasi, hata kwa walimu wakuu. Imezidi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi zikaanza kuhamia kompyuta mpya au mfumo wa Linux wenye LibreOffice, programu ya bure ya kazi za Word na Excel. Ukiuliza wamebadilishaje, jibu ni lilelile: wamebofya jina la faili, wakaongeza x mwishoni, .doc ikawa .docx.

Hapo kilichobadilika ni jina tu. Faili la .doc, lile la Word 97 hadi 2003, limepangwa kwa mtindo wa ndani wa Microsoft wa enzi hiyo. Lifungue kwa Notepad uone alama zisizosomeka. Docx, iliyokuja na Office 2007, ni kitu kingine kabisa: ni kifurushi cha zipu, yaani mafaili mengi yaliyofungashwa kuwa moja, chenye mafaili ya XML (maandishi yenye alama za mpangilio) ndani, maandishi kivyake, mitindo kivyake, picha kivyake. Chukua nakala ya docx halisi, mwisho wa jina uandike .zip, kisha uifungue. Utaikuta folda iitwayo word, na ndani yake document.xml. Jaribu hivyohivyo kwa barua ya mwaka 2003 uliyoiongezea x: haifunguki, kwa sababu haijawahi kuwa zipu.

Kinachowapoteza watu ni kwamba LibreOffice huchungulia yaliyomo kabla ya kuamini jina, hivyo mara nyingi hulifungua faili hilo bila kulalamika. Mtu anaona kazi imeisha. Siku akilituma benki au wizarani, Word ya huko inalikataa, na lawama zote zinaangukia LibreOffice! Jina halijaharibu kitu, lakini. Rudisha .doc, faili liko palepale.

Kugeuza ni kulifungua faili kwa programu inayolielewa, kisha kulihifadhi kwa muundo mpya. Kama ni mamia, usiyafungue moja moja. Kwenye Linux ingia kwenye folda husika kwa terminali, dirisha la kuandikia amri, andika soffice --headless --convert-to docx *.doc, uiache ifanye kazi. Na ya asili yasifutwe! Yawekwe kwenye diski ya nje, yasiguswe mpaka ukaguzi mmoja wa hesabu upite salama. Kwa hili sikubali mjadala, hata mteja akisema nafasi imejaa.

Kauli nyingine ninazozisikia ni hizi. "CSV ni maandishi tu, haina hatari." CSV, faili la jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato, yenyewe haina, hatari ni kuibofya mara mbili ikafunguka kwenye Excel. Excel ikiona tarakimu tupu huzifanya namba ya hesabu. Namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri ya mbele. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, Excel hushika 15 tu, kwa hiyo ikiwa imeandikwa bila vistari, tano za mwisho hugeuka sifuri, na ukishahifadhi hazirudi. Iingize CSV kupitia menyu ya Data, safu hiyo uitangaze kuwa maandishi. LibreOffice Calc hukuonyesha dirisha la kuchagua hayo kabla ya kufungua; lisome, usibofye tu sawa.

"LibreOffice imevuruga barua yangu." Mara nyingi ni fonti. Barua iliandikwa kwa Calibri, kompyuta mpya haina Calibri, nyingine ikashika nafasi yake, mistari ikasogea na sahihi ikaangukia ukurasa wa pili. Weka Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule. Kwa Times New Roman na Arial, tumia Liberation Serif na Liberation Sans.

"Tumeyaweka yote PDF, tumemaliza." PDF ni ya kusoma na kutunza. Jedwali la mishahara likishakuwa PDF, fomula zimekwenda.

Wenye makro, yaani amri zilizohifadhiwa ndani ya faili, waangalie zaidi. Faili la .xls, la Excel ya zamani, lenye vitufe vya kukokotoa ankara ukilihifadhi kuwa .xlsx, makro zote zinaachwa nje. Lihifadhi kuwa .xlsm, kisha bofya kila kitufe ndani ya LibreOffice, maana VBA, lugha ya makro za Microsoft, inafanya kazi humo kwa sehemu tu. Kitakachogoma kiandikwe upya sasa, kisisubiri siku ya mishahara.