Ukungu si mvuke

Wengi tulikua tukiambiwa kwamba ukungu wa Lushoto au Limuru ni mvuke unaotoka ardhini. Sivyo. Mvuke wa maji hauonekani kwa macho. Hata ule weupe juu ya sufuria ya chai tayari ni matone. Ukungu nao ni matone madogo mno, yenye upana wa takriban sehemu ya mia ya milimita, yanayojiunda hewa yenye unyevu inapopoa. Aliye bondeni huliona wingu limekaa mlimani. Aliye mlimani husema kuna ukungu. Ni kitu kilekile. Ndiyo maana sweta hulowa bila mvua. Dereva naye akiwasha taa kali, matone humrudishia mwanga machoni, akabaki akitazama ukuta mweupe.