Tsedaka si sadaka

Majuzi, kwenye mkutano wa akina mama, nilimsikia mzungumzaji akiwasifu wanawake wa Kiyahudi wa Marekani walioanzisha vyama vya kuhudumia wahamiaji na wagonjwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alisema walisukumwa na tsedaka, "yaani sadaka, kama hii yetu ya Jumapili." Tafsiri hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara naona wanawake wale wanapunguzwa.

Tsedaka ni sehemu ya mali ambayo sheria ya dini ya Kiyahudi inamtaka kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, ampe mhitaji. Hata maskini anayepokea anatakiwa naye atoe chochote katika alichopewa. Maana ndiyo hiyo, haina ugumu.

Ugumu unaletwa na sikio. Tsedaka na sadaka ni ndugu wa tumbo moja: Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na maneno yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa konsonanti tatu. Ila ndugu hawa walikulia nyumba tofauti. Kwa Waarabu mzizi uliegemea ukweli, na huko ndiko tulikochota sadiki, na swadakta tunayomjibu mtu aliyesema kweli. Sadaka basi ni ushahidi kwamba imani ya mtoaji ni ya kweli. Kwa Waebrania mzizi uliegemea haki: tsedek ni haki, tsadik ni mtu mwadilifu. Kwenye sadaka tunamtazama anayetoa na moyo wake. Kwenye tsedaka tunamtazama anayestahili kupata.

Wasomaji Waislamu wataliona jambo hili upesi, maana wanatofautisha zaka iliyo faradhi na sadaka ya hiari. Kwa sauti tsedaka ni sadaka, lakini kwa utendaji imekaa karibu zaidi na zaka. (Hata Kurani, katika Sura ya Tawba aya ya 60, inapowataja wanaostahili zaka hutumia neno sadakat, kwa hiyo ukuta kati ya maneno haya haukuwa mrefu tangu zamani.)

Kwa wanaosoma Biblia, nendeni kwenye kitabu cha Ruthu, mjane mgeni aliyeokota masazo ya mavuno katika shamba la Boazi. Torati inamkataza mwenye shamba kuvuna pembe za shamba lake au kuokota masazo, kwa sababu ni ya maskini na mgeni. Boazi alimwongezea Ruthu ukarimu wake mwenyewe, naam, lakini masazo yenyewe hayakuwa zawadi ya Boazi. Ruthu aliyaokota kwa haki. Ule ukarimu wa ziada Kiebrania kina neno lake, hesed, ambalo Biblia zetu huliita fadhili. Na Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alipozipanga daraja nane za tsedaka, ya juu kabisa aliiweka kwa anayempa mwenzake mkopo, ubia au kazi ili asihitaji tena kuomba. Daraja hiyo haina hata kikapu cha kupitisha.

Sasa turudi kwa akina mama wetu. Henrietta Szold, binti wa rabi, mzaliwa wa Baltimore mwaka 1860, aliongoza kuundwa kwa Hadassah, chama cha wanawake wa Kiyahudi, huko New York mwaka 1912. Mwaka uliofuata chama kilipeleka wauguzi wawili Jerusalem, wakahudumia akina mama wanaojifungua na kutibu macho ya watoto yaliyoliwa na trakoma. Kuna jambo moja la Szold ninalolipenda kuliko yote. Mama yake alipofariki mwaka 1916, rafiki wa kiume alijitolea kumsomea marehemu kadishi, sala ya wafiwa ambayo kwa desturi husomwa na wana wa kiume. Nyumba yao ilikuwa ya mabinti wanane, bila mvulana. Szold alimshukuru kwa upole, akakataa. Wajibu ulikuwa wake, akautimiza mwenyewe. Mwanamke wa namna hiyo huwezi kumweleza kwa neno linaloachia hiari ya mtoaji.

Au chukueni Mei 1902, mitaa ya Lower East Side, huko huko New York. Nyama ya kosher, yaani iliyochinjwa kwa sheria ya Kiyahudi, ilipanda kutoka senti 12 hadi 18 kwa ratili, na wanawake wahamiaji, wengi wao mama wa nyumbani, wakasusia mabucha. Siku ya Sabato waliingia masinagogi wakakatiza usomaji wa Torati ili wasikilizwe. Hawakubuni fujo mpya: ni desturi ya kale kwamba aliyedhulumiwa anaweza kusimamisha usomaji mpaka shauri lake lisikike. Wale hawakuwa na cha kutoa. Walikuwa wakidai, na kudai kwao kunatoka kwenye tsedek ileile iliyozaa tsedaka.

Simlaumu mzungumzaji, kwa kuwa neno lenyewe linavuta ulimi. Na ni kweli kwamba Ijumaa jioni, kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato, mwanamke wa Kiyahudi hudumbukiza sarafu kwenye kikasha cha tsedaka, tendo ambalo kwa macho linafanana kabisa na sadaka yetu. Ila ningemwomba safari nyingine aseme "haki ya maskini". Akiona ni refu, aseme "zaka", kisha aongeze sentensi moja ya kufafanua. Na ikiwa lazima neno sadaka libaki, basi alitie kivumishi: sadaka ya lazima.