Hedhi inapokoma na kinywa kikakauka

Nina miaka 50. Hedhi inakuja na kupotea, na usiku naamka ulimi umenata kwenye kaakaa. Yanahusiana?

Huenda. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na kabla ya hapo homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, kisha hupungua kabisa. Tezi za mate na utando laini wa ndani ya kinywa huitikia homoni hiyo, ndiyo maana wapo wanaoona mate yamepungua au yamekuwa mazito.

Lakini usiisingizie hedhi kila kitu. Umri huohuo ndio wengi huanza kumeza dawa za shinikizo la damu, za mzio au za sonona, na nyingi kati ya hizo hukausha kinywa. Kisukari nacho hukausha. Na kama macho pia ni makavu, yanakereketa mithili ya yaliyoingiwa na mchanga, mwambie daktari. Upo ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi, na wagonjwa wake wengi ni wanawake wa rika lako.

Si ninywe maji tu?

Kunywa, ila maji hayafanyi kazi ya mate. Kinywa chenye afya hutoa nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate hayo huosha mabaki ya chakula, hupoza asidi ya bakteria na kulirudishia jino kalsiamu na fosfati. Yakipungua, meno huanza kutoboka hata pale ambapo hayakuwahi kukusumbua, hasa shingoni mwa jino, karibu na fizi.

Wengi hujitibu kwa kumumunya pipi. Mate hutoka kweli, lakini sukari nayo inabaki ikilisha bakteria kinywani kutwa. Afadhali chingamu isiyo na sukari. Piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi, uteme povu bila kusukutua, ili floraidi ibaki juu ya meno.

Ulimi unawaka kama nimelamba pilipili, lakini hauna kidonda. Najidanganya?

Hapana. Hali hii inajulikana, na huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi. Kwanza daktari atatafuta visababishi vingine: fangasi, upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, meno ya bandia yanayokwaruza.

Natumia dawa ya kuimarisha mifupa. Daktari wa meno inamhusu nini?

Inamhusu sana. Baadhi ya dawa hizo, kama alendronati, zinaweza kufanya mfupa wa taya ukatae kupona baada ya jino kung'olewa. Hutokea kwa nadra, kwa hiyo usiiache dawa kwa uamuzi wako. Mtajie jina lake na muda ulioitumia, kabla hajashika koleo.