Ninefox Gambit haihitaji kikokotoo

Wiki hii tena msomaji mwingine wa Ninefox Gambit, riwaya ya kubuni ya kisayansi ya Yoon Ha Lee, kalalamika: "Niliacha mapema, hesabu hazipandi." Hesabu zipi? Lee alisomea hisabati, ndiyo, na mhusika mkuu, Kel Cheris, ni kapteni mwenye kipaji cha namba, lakini riwaya hii ya 2016 haikuombi ukokotoe chochote.

Kinachoendesha silaha humo ni kalenda. Raia wakishika siku zilezile na ibada zilezile, silaha za ajabu zinafanya kazi, wakiacha, zinagoma. Askari wa Kel, kundi la wapiganaji la Cheris, wakijipanga safu za umbo fulani, umbo lenyewe linawakinga, mradi kalenda ya eneo lile bado ni ya dola. Wazushi, yaani wanaoikataa kalenda hiyo, wakishaibadili, ngao imegeuka gwaride.

Na hili limshinde msomaji wa Kiswahili? Sisi ambao simu ikiandika 7:00 asubuhi tunasoma saa moja? Wiki yetu ina siku mbili za tano: Jumatano, ukihesabu toka Jumamosi, na Alhamisi, kwa hesabu ya Waarabu inayoanzia Jumapili. Kalenda mbili zimeoana na hakuna bunduki iliyogoma.

Swali la Lee ni nani anayelipia makubaliano ya kushika kalenda moja. Siku za kumbukumbu huadhimishwa kwa kutesa wazushi, na watesaji rasmi ni kundi la Vidona. Wengi huziruka kurasa hizo wakikimbilia mapigano, kisha wanalalamika hawaelewi silaha zinapata wapi nguvu. Zinapata hapo hapo ulipoparuka!

Sura ya kwanza isome bila kusimama. Majina ya silaha yakupite tu. Safu ikitajwa, angalia imeshika au imegoma, na anayetii anatii kwa hiari yake au la, maana Kel hupandikizwa utii. Makundi ya dola hiyo ni sita. Anza na Kel wapiganaji, Shuos wapelelezi na Nirai mafundi. Vifaa visivyojali kalenda ndivyo vya kukariri, kwa kuwa hufanya kazi popote.

Nakiri kanuni za kalenda hupinda pale hadithi inapobanwa, na katikati ya mzingiro wa ngome waliyoiteka wazushi ni vigumu kujua nani yuko wapi. Hapo mfuate Shuos Jedao, jenerali mfu aliyefungwa kwenye kivuli cha Cheris: hakuwahi kushindwa vitani, na aliliangamiza jeshi lake mwenyewe. Akitoa ushauri mzuri, rudi nyuma usome tena alichokuwa ameulizwa.