Je, Wajua Jinsi Kompyuta Isiyo na Diski Inavyowaka?

Ukifungua ubavu wa kompyuta katika chumba cha mafunzo hapa Goma, kitu cha kwanza utakachokiona ni vumbi, lile vumbi jeusi la mawe ya volkano linalopenya hata madirisha yakiwa yamefungwa. Cha pili ni diski, kile kisanduku kinachohifadhi mfumo endeshi pamoja na kazi zote za mtumiaji. Chukua bisibisi, iondoe diski hiyo, funga ubavu, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha. Kwa kawaida skrini itakuarifu kwamba hakuna mfumo wa kuwashia. Hata hivyo, katika vyumba vilivyoandaliwa kwa utaratibu maalumu, mashine hiyo iliyo tupu hunyamaza kidogo, huandika mistari kadhaa ya herufi nyeupe, na baada ya muda mfupi humwomba mwanafunzi jina na nenosiri kana kwamba haikupungukiwa na kitu.

Kusema kwamba mfumo umetoka katika diski ya kompyuta nyingine kupitia waya ni kweli, lakini jibu hilo halimalizi swali. Ili mashine ichukue faili kutoka kwa jirani yake, inahitaji programu inayojua kuzungumza kwenye waya, na programu hiyo imo ndani ya mfumo ambao bado haijauchukua. Ni kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba huku ufunguo ukiwa mezani sebuleni. Uzuri wa teknolojia hii umo katika namna fumbo hilo linavyofumbuliwa.

Kabla ya kulifumbua, neno moja linahitaji kuwekwa sawa, kwa sababu limewapotosha wengi. Tunaposema kompyuta inawaka kupitia mtandao, msikilizaji hudhani kwamba shule italazimika kununua mega, yaani data za intaneti, kila asubuhi. Kiswahili kinatumia neno hilo moja kwa intaneti ya dunia nzima na kwa nyaya zinazounganisha mashine za chumba kimoja. Hapa tunazungumzia nyaya za chumbani tu: kompyuta 20, swichi moja (kisanduku kinachounganisha nyaya zote), na seva moja (kompyuta inayozihudumia nyingine) kwenye kona. Chumba hicho kinaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kuigusa intaneti.

Ufunguo unaofungua nyumba umefichwa katika chipu. Kila kompyuta ina programu ndogo iliyoandikwa katika chipu ya bodi kuu, na kompyuta nyingi zenye tundu la waya wa mtandao zina, pamoja na hiyo, kipande kingine kinachofuata utaratibu uitwao PXE, ambao kampuni ya Intel iliuchapisha katika toleo la 2.1 mwaka 1999. Programu hiyo haijui kuchora dirisha wala kufungua waraka. Inachojua ni kupiga hodi. Umeme unapoingia, hutuma ujumbe kwa kila kifaa kilichoungana na swichi, kwa sababu bado haimfahamu yeyote, na katika ujumbe huo hutaja namba ya kadi yake ya mtandao, namba ya biti 48 ambayo mtengenezaji aliiweka kiwandani, pamoja na neno linaloitambulisha kuwa ni mteja wa PXE. Hodi hiyo hufuata itifaki (kanuni za mazungumzo kati ya mashine) ya DHCP, ile ile inayoipa simu yako anwani unapojiunga na Wi-Fi. Tofauti ni kwamba seva ya chumba chetu hujibu mambo matatu badala ya moja: anwani utakayotumia ni hii, mashine yenye faili ni ile, na faili la kuanzia linaitwa hivi.

Hatua inayofuata hutumia TFTP, itifaki ya kusafirisha faili ambayo mhandisi wa leo angeweza kuicheka. Hukata faili katika vipande vya baiti 512, hutuma kimoja, husubiri mpokeaji aseme amekipata, ndipo hutuma cha pili. Haiulizi nenosiri, wala haiwezi kuorodhesha faili zilizopo. Unyonge huo ndio sababu ya kuchaguliwa kwake, kwani itifaki yenye akili nyingi isingeenea katika chipu ndogo ya kadi za wakati ule. Toleo linalotumika hadi sasa lilichapishwa mwaka 1992, na tangu mwaka 1995 pande mbili zinaruhusiwa kukubaliana vipande vikubwa zaidi.

Faili linaloletwa kwa njia hiyo ni kipakizi, programu isiyofika hata megabaiti moja, ambayo kazi yake ni kujua mambo machache zaidi kuliko chipu ilivyojua. Kipakizi kiitwacho PXELINUX kina tabia inayonifurahisha kila ninapoisoma kwenye kumbukumbu za matukio ya seva. Hutafuta maelekezo yake kwa kuomba kwanza faili lenye kitambulisho cha mashine yenyewe, kisha lenye namba ya kadi yake. Kisipolipata, huomba faili lenye anwani ya mashine iliyoandikwa kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita, kwa mfano C0A80114 kwa anwani 192.168.1.20. Kikikosa tena, hukata herufi ya mwisho na kuomba C0A8011, kisha C0A801, na kuendelea hivyo hadi herufi ziishe, ndipo huomba faili liitwalo default. Fundi asiyejua utaratibu huu huona mlolongo wa makosa na kuanza kubadilisha nyaya, ilhali mashine inabisha tu mlango baada ya mlango, kuanzia wake mwenyewe hadi ule wa watu wote. Faida yake ni kwamba kompyuta moja, tuseme ile ya mwalimu, inaweza kupewa maelekezo yake peke yake bila kugusa nyingine 19.

Maelekezo yakipatikana, kipakizi huleta vitu viwili: kiini cha mfumo endeshi wa Linux, na kifurushi kidogo cha zana ambacho kiini hukifungua ndani ya kumbukumbu ya RAM. Kuanzia hapo chipu imemaliza kazi. Kiini kinajua mtandao kikamilifu, na kinaiomba seva folda nzima ya mfumo kwa itifaki ya NFS, iliyotengenezwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984. NFS haileti folda yote kwa pamoja. Huifanya ionekane kana kwamba imo ndani ya mashine, na kila programu inapohitaji faili fulani, sehemu inayohitajika ndiyo huvutwa kwenye waya. Kila hatua ya safari hii, kwa hiyo, hujua kiasi kinachotosha kuita hatua inayoizidi ujuzi, na nyumba hufunguliwa bila mtu kuuona ufunguo.

Sun haikufanya hivyo kwa ajili ya vumbi. Katikati ya miaka ya 1980 diski ilikuwa ghali, na mashine kama Sun-3/50, yenye kumbukumbu ya megabaiti 4, mara nyingi ilinunuliwa bila diski ili ofisi nzima itegemee seva moja. Leo diski ni rahisi kununua, na mtu ana haki ya kuuliza kwa nini tusumbuke. Kwetu hapa sababu ni matunzo. Umeme unapokatika ghafla wakati kompyuta 20 zinaandika kwenye diski 20, una nafasi 20 za kuharibu mfumo, na fundi atapita mashine kwa mashine akirekebisha. Mashine isiyo na diski haina kitu cha kuharibika. Umeme ukirudi, hupiga hodi upya. Sababu ya pili huhesabiwa kwa mega. Masasisho ya gigabaiti moja kwa kompyuta 20 ni gigabaiti 20 ikiwa kila moja inajiletea, lakini ni gigabaiti moja ikiwa mfumo ni mmoja.

Mfumo huo mmoja huleta swali gumu: kompyuta 20 zitaandikaje katika folda moja bila kugongana? Hata mwanafunzi asipoandika chochote, mfumo wenyewe huandika kumbukumbu za matukio, jina la mashine na faili za muda. Dawa yake ni kwamba seva huitoa folda kwa kusomwa tu, na kila kompyuta huitandazia juu tabaka lake lililo ndani ya RAM. Mwalimu wa jiografia hufanya vivyo hivyo anapoweka plastiki angavu juu ya ramani na kuchora mishale kwa kalamu: darasa linaona ramani na mishale pamoja, lakini ramani haijaguswa. Uwezo huo, uitwao overlayfs, uliingia katika kiini cha Linux toleo la 3.18 mwishoni mwa mwaka 2014. Mashine ikizimwa, plastiki hutupwa. Mwanafunzi aliyefuta kwa makosa faili la mfumo, au aliyebandika picha ya mchezaji wa mpira kwenye ukurasa wa kuingilia, hana alichokiacha. Insha yake, kinyume chake, haipotei, kwa kuwa folda za watumiaji hutolewa na seva kando, kwa ruhusa ya kuandika, na humfuata mwenyewe kwenye kiti chochote atakachokaa.

Watu huchanganya mpango huu na ule wa vituo vyepesi, ambapo seva hufanya hesabu zote na kompyuta ya mezani huonyesha picha tu. Hapa kompyuta ya mezani hutumia kichakataji chake na RAM yake. Ilichokopa ni diski peke yake. Mradi wa LTSP, ulioanzishwa na Jim McQuillan mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2019, ulianza kwa vituo vyepesi na sasa umeegemea upande huu wa pili. Ndio ningeupendekeza kwa anayeanza, maana hukusanya mfumo uliokwisha kusakinishwa kwenye seva, huubana katika faili moja, na kuandaa huduma zinazohitajika. Windows nayo inaweza kuwashwa bila diski, ila kwa njia nyingine na kwa leseni ambazo shule nyingi hazitazimudu.

Fedha chache zilizopo zielekezwe wapi? Kompyuta 20 zikiwashwa kwa pamoja, na kila moja ikihitaji megabaiti 60 za kiini na zana, seva itatoa megabaiti 1,200. Kwa swichi ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo kwa hesabu hupitisha megabaiti 12.5, hiyo ni zaidi ya dakika moja na nusu kabla programu yoyote haijafunguliwa. Kwa swichi ya gigabiti moja ni kama sekunde 10. Swichi, basi, ndiyo ya kwanza. Ya pili ni RAM ya seva, wala si diski ya kasi kama wengi wanavyodhani: kompyuta ya kwanza ikisoma faili fulani, seva hulibakiza katika RAM yake, na zile 19 zinazofuata hupewa nakala hiyo bila diski kuguswa. Wi-Fi isahau, kwa maana PXE ni ya waya.

Kikwazo kinachowakatisha tamaa wengi hutokea siku ile chumba kinapounganishwa na kifaa cha intaneti. Kifaa hicho nacho hutoa anwani kwa DHCP, na kompyuta ikipiga hodi hujibiwa na wenyeji wawili, mmoja akijua jina la faili na mwingine hajui. Mashine 12 zitawaka, 8 zitagoma, na kesho zitakuwa nyingine. Suluhisho ni ama kumzima mwenyeji mmoja, ama kuiagiza programu ya dnsmasq kwenye seva iache suala la anwani kwa kile kifaa na kuongeza tu habari za faili. Jambo jingine ni usalama. TFTP haina nenosiri, na NFS ya kawaida huamini namba ya mtumiaji kama ilivyotajwa na mashine inayoomba, kwa hiyo yeyote anayeweza kuchomeka kompyuta yake kwenye swichi anaweza kujifanya mwingine. Maswali ya mtihani yasikae humo.

Baki ya fedha inunue onduleri, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, kwa ajili ya seva, na swichi ichomekwe hapo hapo. Seva ikizima na kurudi wakati kompyuta za mezani bado zinawaka, skrini huganda bila kufa, kwa sababu NFS iliundwa tangu mwanzo ili mteja aendelee kuuliza hadi ajibiwe, na toleo lake la awali halikuitaka seva ikumbuke nani alikuwa akisoma nini. Mara nyingi kazi huendelea pale ilipokwama.

Lakini seva ikifa kabisa, chumba kizima kimekufa nayo, na hiyo ndiyo bei ya mpango huu. Bei hiyo hupunguzwa kwa diski ya pili yenye nakala kamili, inayoweza kuingizwa katika kompyuta yoyote ya zamani yenye RAM ya kutosha na kuchukua nafasi ya seva siku hiyo hiyo. Mji ambao volkano ya Nyiragongo iliumwagia lava Januari 2002, na kuifikisha tena pembezoni mwake tarehe 22 Mei 2021, hauhitaji kuelezwa kwa nini diski hiyo isikae katika chumba kimoja na seva. Zile mashine 20 zinaweza kuachwa zilipo. Kinachotakiwa kubebwa kwenda mji jirani wa Sake au ng'ambo ya mpaka kinaenea katika mfuko wa koti.