Waya wa geji ya joto la ekzosi usiuunge na waya wa kawaida

Juzi kati nimeletewa Land Cruiser ya 1HZ, injini ya dizeli ambayo kiwandani haikuja na turbo (feni ya kusukumia injini hewa zaidi, inazungushwa na moshi wa ekzosi), mwenyewe kafungiwa turbo na pampu wakamfungulia mafuta, na geji ya joto la ekzosi anayo, ananiambia fundi mbona iko salama tu, hata mlima Kitonga napanda na mzigo haivuki nyuzi 680 za Selsiasi. Nikaufuata waya kutoka kwenye ekzosi nikakuta umekatwa pembeni ya injini, ukaungwa na waya wa taa mpaka kwenye dashibodi. Iliniuma kwelikweli, maana huyu mtu katoa hela ili ailinde injini na anachokisoma sicho.

Iko hivi wadau. Sensa yake ni themokapo ya aina ya K, yaani nyaya mbili za metali tofauti, kromeli na alumeli, zimechomelewa pamoja kwenye ncha. Ncha ikipata moto kuliko upande wa pili inatokea voti ndogo mno, kama voti 0.00004 kwa kila nyuzi 1. Geji inapima hiyo tofauti halafu inajumlisha joto la pale ilipo yenyewe. Sasa ukichomeka waya wa kawaida wa kopa (shaba) katikati, upande wa baridi unahamia kwenye jointi. Jointi iko kwenye injini nyuzi 90, ndani ya gari ni 30, geji inajumlisha 30 badala ya 90, hapo inasoma pungufu nyuzi 60, kwa hiyo ile 680 yake ni 740 na mimi 700 ndo mwisho wangu kwa mlima mrefu, sensa ikiwa kabla ya turbo. Pistoni ni ya alumini na alumini inayeyuka 660, inaponea kupozwa na oili na hewa inayoingia.

Kwa hiyo waya ukiwa mrefu uviringishe, usiukate. Ukiwa mfupi tafuta waya wa kuongezea wa K na temino zake za K. Na rangi ziangalie vizuri, kwenye za Marekani njano ni chanya na nyekundu ni HASI, wengi wanakosea hapo kwa mazoea ya betri, za Ulaya kijani ni chanya na nyeupe hasi. Kama rangi zimefutika chukua sumaku, alumeli inanasa na ndo hasi. Ukigeuza kwenye geji, moto ukipanda mshale unashuka.

Sensa weka kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) kabla ya turbo, pale njia za silinda zinapokutana, ncha ifike katikati ya moshi. Baada ya turbo joto linaweza kuwa limeshuka nyuzi 100 mpaka 200 na halishuki kiasi kilekile kila saa, sipendi. Manifoldi ishushe ndo utoboe, najua kuna wanaotoboa ikiwa juu na grisi kwenye drili ila kipande kimoja cha chuma kikiingia turbo ushalia.

Umeme wa geji ni kazi ndogo, chanya ichukue kwenye laini inayowaka ukiwasha swichi, fyuzi ya ampea 2 au 3, taa yake kwenye taa ndogo, hasi kwenye bodi pasafi palipokwanguliwa rangi. Kwanza pima voti maana kuna Land Cruiser za 24 na geji nyingi ni za 12. Waya wa sensa upitishe mbali na alteneta, na kwenye tundu la kuingilia ndani weka raba.

Kabla hujafunga sensa itumbukize kwenye maji yanayochemka. Dar itasoma 100, huku kwetu Iringa tuko juu kama mita 1,600 itasoma 95 hivi na ni sahihi, usiirudishe dukani.

Yule jamaa nimemvutia waya mzima wa K. Tukapanda tena, gia ya nne ikagonga 740, akashusha ya tatu na kupunguza mguu, injini ikapata hewa, ikarudi 650 kabla hatujamaliza kona. Geji ya joto la maji muda wote ilikuwa imetulia katikati, yaani hiyo isingemwonya.