Je, wajua kwa nini ng'ombe anabana maziwa mama akisafiri?

Kama umekulia nyumba yenye ng'ombe mmoja au wawili wa kufungia bandani, hii umeshaiona. Yule anayekamua kila siku, mara nyingi mama, anaumwa au anaenda msibani au anasafiri, mtu mwingine anachukua ndoo, anakaa palepale, chuchu ni zilezile na pumba ni ileile, lakini maziwa hayatoki. Yanatoka kidogo alafu basi, kiwele kimejaa unakiona kabisa kimekaza, na wewe umekaa hapo unavuta mpaka vidole vinakufa ganzi. Watu wanasema anaficha, wengine wanasema anaringa, na kuna nyumba ng'ombe anachapwa fimbo kwa ajili hiyo, na hilo ndo limenifanya niandike, maana anapigwa kwa kitu ambacho hana uwezo nacho.

Kwetu ni Kibosho, Kilimanjaro, kihamba cha kawaida tu, yani shamba la nyumbani la Wachaga, migomba na kahawa kidogo, banda liko nyuma ya nyumba. Zamani tulikuwa watu nane pale, sasa wamebaki wazee wawili, sisi wengine tumetawanyika Dar, Arusha, Dodoma. Miaka mitatu iliyopita dada yangu wa Dodoma alijifungua, mama mkwe wake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mama ndo akaenda kumhudumia mzazi, mtori na maji ya moto na yote yale, akakaa huko karibu miezi mitatu. Nyumbani akabaki baba na ng'ombe mmoja tunayemwita Siti, chotara wa Friesian, alikuwa amezaa kama miezi miwili tu nyuma. Kwa mama, Siti alikuwa anatoa lita tano asubuhi. Asubuhi ya kwanza kwa baba ilitoka lita moja na kidogo, ya pili hivyohivyo, ya tatu akaipiga ndoo teke. Na ujue baba alikuwa hajawahi kukamua maisha yake yote, kwetu majani na maziwa ni mambo ya kina mama, mwanaume anajenga banda, anaita bwana mifugo, anachinja, basi.

Sasa hiyo lita moja na kidogo kutoka kwenye tano, ishike kichwani, maana jibu liko humo.

Watu wengi tunafikiri kiwele ni kama dumu, maziwa yamejaa ndani na chuchu ni bomba, ukivuta yanatoka. Sivyo kilivyo. Maziwa yanatengenezwa ndani ya vifuko vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni, na sehemu kubwa inabaki humohumo kwenye vifuko na kwenye vijibomba vyembamba mpaka muda wa kukamua. Kinachokuwa kimeshashuka chini, kwenye kale kanafasi juu ya chuchu, kwa ng'ombe wa maziwa ni kama asilimia 20 tu hivi. Hiyo 20 mtu yeyote anaweza kuikamua, hata mgeni, hata mwizi. Ile 80 iliyobaki iko juu na huwezi kuivuta kwa mkono hata ukiwa na nguvu za kubeba magunia, lazima ng'ombe mwenyewe aishushe. Piga hesabu ya Siti, moja ya tano ya lita tano ni lita moja. Yani baba alikuwa anakamua vizuri tu, alikuwa anapata kile ambacho hakihitaji ruhusa ya Siti.

Ruhusa inatokaje? Kila kifuko kimezungukwa na vinyuzi vidogo vya msuli, na vinyuzi hivyo vinasubiri ujumbe kutoka kwenye ubongo. Ndama akigonga kiwele kwa pua, au mkono unaoujua ukiosha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, au hata ng'ombe akisikia tu sauti ya ndoo na akanusa pumba, ubongo unaachia homoni inaitwa oksitosini, inaingia kwenye damu, inafika kwenye kiwele, vinyuzi vinakaza, vifuko vinakamuliwa kwa ndani na maziwa yanashuka kwa kishindo. Inachukua kama dakika moja hivi tangu umguse. Ndo maana mama alikuwa anaosha kiwele, anafuta na kitambaa, alafu anatulia kidogo anaongea naye kabla hajaanza, mimi nikiwa mtoto nilikuwa naona anapoteza muda. Na homoni hiyo haikai, ndani ya dakika chache nguvu yake imeisha, kwa hiyo ukishaanza kamua mfululizo umalize kama dakika tano mpaka saba, ukisimama katikati ukajibu simu, kilichobaki kimebaki.

Kina mama wanaosoma hapa watakuwa wameshaelewa kabla sijamaliza, kwa sababu ni homoni ileile. Mama anayenyonyesha akisikia mtoto analia, saa ingine hata wa jirani, anashtukia gauni limelowa, ni oksitosini hiyo. Ndiyo hiyohiyo inayobana kizazi wakati wa uchungu. Mwanakemia Mmarekani Vincent du Vigneaud alifanikiwa kuitengeneza maabara na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Na kama ambavyo mzazi mwenye wasiwasi, aliyegombana na watu au aliyezungukwa na wageni anaona maziwa hayashuki wakati kifua kimejaa, ng'ombe naye ni hivyohivyo. Sijui kwa nini kwa binadamu tunaona huruma na kwa ng'ombe tunashika fimbo.

Hili la hofu lilishajaribiwa zamani sana. Mwaka 1941 huko Marekani watafiti wawili, Ely na Petersen, walichukua ng'ombe anayetaka kukamuliwa wakamwekea paka mgongoni na wakawa wanapasua mifuko ya karatasi kila baada ya sekunde kumi kwa dakika mbili, na maziwa yakagoma kushuka. Wakaeleza kwamba ng'ombe akishtuka mwili unamwaga adrenalini, na adrenalini inazuia kazi ya ile homoni nyingine. Baadaye, miaka ya 1990, ikaonekana kitu ambacho kwangu ndo kinaelezea nyumba kama yetu vizuri zaidi. Mtafiti Bruckmaier na wenzake walikamulia ng'ombe kwenye sehemu ngeni, hawakuwapiga wala kuwatisha, sehemu tu ilikuwa ngeni, na wakakuta ubongo haukuachia oksitosini ya kutosha kabisa. Yani ujumbe haukutumwa. Ng'ombe sio kwamba ana maziwa na anaamua kukunyima, mwili wake umeshaona hali sio salama na mlango umejifunga wenyewe.

Na je anajua kweli kwamba aliyekaa hapo sio mama? Anajua. Ng'ombe anatambua watu mmoja mmoja, kwa sura, kimo, sauti na harufu, na nguo zinamsaidia sana, kuna majaribio yaliyofanyika Denmark yalionyesha wanatofautisha watu kwa rangi ya ovaroli walizovaa. Na anakumbuka nani alimfanyia nini. Utafiti mwingine wa 1999, wa watu wa Kanada na Denmark, walikuwa na mtu mmoja aliyewatendea ng'ombe kwa upole na mwingine aliyewatendea vibaya, alafu wakati wa kukamua yule mbaya akasimama tu karibu, hajagusa kitu, na maziwa yaliyobaki ndani ya kiwele yakaongezeka kwa asilimia 70. Kusimama tu! Kwa hiyo yule kijana anayempiga ng'ombe teke saa ya kumwingiza bandani anapunguza maziwa hata siku ambayo hajakamua yeye. Na mwaka 2009 watu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliuliza wafugaji 516, wakakuta kwenye mashamba ambayo ng'ombe wanaitwa kwa majina yao wanatoa lita 258 zaidi kwa mwaka. Jina lenyewe halina dawa ndani yake, ila mtu anayemwita ng'ombe wake Siti kuna namna anamshika.

Wale wenye ng'ombe wa kienyeji mtasema mbona kwetu hata kwa mama hashushi bila ndama. Kweli kabisa. Zebu hajachujwa vizazi na vizazi kwa ajili ya kukamuliwa na binadamu kama Friesian, kwake ufunguo ni ndama, lazima anyonye kidogo kwanza ndo uanze wewe, na ndama akifa mama yake mara nyingi anakauka. Ndo maana wafugaji wa asili wengi wa huku kwetu Afrika Mashariki walikuwa wanamchuna ndama aliyekufa wanamletea mama ngozi ainuse wakati wa kukamua, walijua kazi ya homoni bila kujua jina lake. Chotara kama Siti yuko katikati, na anachukua huku na huku. Mbuzi wa maziwa wenyewe wana nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi maziwa pale juu ya chuchu, kwa hiyo hata mgeni anapata kiasi kizuri, nadhani ndo maana mwenye mbuzi wa Kinorwe kule Mgeta akisafiri hapati shida kama yetu.

Turudi kwa baba. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kweli, na sio maziwa ya kuuza tu, maziwa yakibaki kwenye kiwele siku baada ya siku mwili unaelewa hayahitajiki na unapunguza kutengeneza, na kiwele kinaweza kupata ugonjwa, uvimbe, maziwa yanatoka na mabonge. Mtu mmoja akamshauri atafute sindano ya oksitosini awe anachoma kila asubuhi. Bwana mifugo akamkatalia, akasema sindano ile ni ya dharura kwa maelekezo ya daktari, ukiifanya ya kila siku ng'ombe anaizoea na siku huna hashushi kabisa. Akamwuliza baba, mama akikamua anavaa nini?

Baba akampigia mama simu Dodoma. Mama akamwelekeza kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, pale pana kitenge cha zamani cha kijani na sweta limetoboka viwiko, ndo nguo za bandani hizo, zina jasho lake na harufu ya maziwa na moshi. Akamwambia asiende na torchi usoni kwa ng'ombe, asitokee nyuma maana ng'ombe anaona karibu pande zote isipokuwa mgongoni kabisa, aanze kuongea tangu mlangoni, amwite jina, ampe pumba kwanza, aoshe kwa maji ya moto kidogo, afute, asubiri. Asivute chuchu kwa vidole viwili, aikamate kwa kiganja chote na kubana kuanzia juu kushuka. Na ndama afungwe pale mbele amwone.

Mzee wa miaka 71, mzee wa kanisa, alivaa kile kitenge. Hakumwambia mtu yeyote, lakini mimi nilikuja Jumamosi bila taarifa nikamkuta nacho, amekaa kwenye kigoda cha mama, anamhadithia Siti habari za kijiji kwa sauti ya chini kwa Kichaga, nani kafa, nani kauza kihamba. Nikarudi nyuma kimyakimya nisimshtue ng'ombe, na kusema kweli nisimshtue na yeye. Siku ile ilitoka lita tatu. Ilichukua kama wiki mbili na nusu kufika nne, na tano haikurudi tena kwa uzao ule.

Kwa hiyo kama kwenu mama anakaribia kusafiri, au mfanyakazi anaacha kazi, au binti aliyekuwa anakamua anaolewa mwezi ujao, usisubiri siku ya safari. Anayebaki aanze wiki mbili kabla, siku za kwanza asimame tu na yule wa kila siku wakati anakamua, alafu aoshe yeye, alafu akamue chuchu mbili, mpaka ndoo iwe yake yote, muda uleule na sehemu ileile. Ukinunua ng'ombe mnadani au kwa jirani usimhukumu kwa maziwa ya wiki ya kwanza, amebadilishiwa banda, watu, sauti, kila kitu, muulize aliyekuuzia alikuwa anamwitaje na anamkamua saa ngapi. Na tukifikiria vihamba vyetu vilivyo sasa hivi, wazee wawili na ng'ombe mmoja, watoto wote mjini, ni hatari ng'ombe kujua mikono ya mtu mmoja tu, maana mtu huyo ana magoti, ana presha, ana wajukuu Dodoma.

Yule ndama wa kipindi kile alikuwa jike, sasa ni mtamba ana mimba ya miezi saba. Mama sasa hivi anakamua asubuhi tu, jioni ni baba. Na likizo hii kila aliyekuja nyumbani, wajukuu pia, anapelekwa bandani jioni amshike mtamba kiwele taratibu na kumsemesha, mmoja baada ya mwingine, mama amesimama pembeni anaangalia kama wananyoosha mkono vizuri.